Shangazi, Karani Uliyefundisha Modi na Kodi

Mwaka umekatika, Shangazi, tangu tupigiwe simu kwamba umeanguka kwenye meza yako ya kupigia chapa, kule chuo cha muziki. Tulipofika wodini, ulikuwa umeshafunikwa shuka usoni.

Miaka ishirini na miwili ulikuwa karani pale. Ofisi yako ilipakana na darasa la nadharia, ukuta mwembamba, na elimu yote ikakuingia kwa sikio huku vidole viko kwenye barua za wenzako. Chai yako ilipoa kila siku bila kunywewa. Droo ilijaa penseli za kuwagawia waliosahau zao.

Waliofeli wakaanza kukujia mchana. "Mama Karani, hizi modi, hizi ngazi za noti, hazinikai kichwani."

"Njoo, mwanangu. Imba kutoka do hadi do. Umesikia? Sasa anzia re, uishie re, usibadilishe noti hata moja. Watu ni wale wale saba, ila leo re ndiye mwenye nyumba. Si unasikia wote wamebadilika adabu?"

Kodi, zile sauti tatu zinazopigwa pamoja, uliwafundishia kwenye kinanda kibovu cha stoo. Ya kwanza, ya nne, ya tano. Kwenye ya tano ulinyanyua mikono ukanyamaza, mpaka mtoto mwenyewe akalalamika: "Rudi basi, Mama, inawasha!"

"Haya, umeshaelewa," ukamwambia, ukicheka.

Walifaulu. Mkuu wa chuo akapongezwa, naye akapongezeka.

Ulipotimiza miaka hamsini na mmoja, ukamwomba akuruhusu kufanya mtihani wa ualimu wa muziki. Alikujibu mbele ya watu: "Mama, kila ndege huruka kwa ubawa wake. Wewe piga chapa." Ukaufanyia kwingine, mtahiniwa wa kujitegemea, ukapata daraja la kwanza. Ulipompelekea cheti, alikitupia jicho, akakupa ratiba ya walimu uichape. Jina lako halikuwemo. Wiki ile ile kinanda cha stoo kikafungiwa kufuli.

Msibani alisimama, akajifuta macho, akasema, "Tumempoteza mwalimu." Neno hilo ulilingoja miaka sita. Alilitoa ukiwa huwezi tena kulisikia.

Juzi wametualika: darasa la nadharia litaitwa kwa jina lako. Shukrani ya punda ni mateke. Huyu wetu ameongeza na kibao cha shaba. Hatutakwenda.

Lakini tusimnyooshee kidole yeye tu. Jioni uliyoleta cheti nyumbani, kaka yako, baba yetu, hakuinua hata macho kwenye gazeti. "Do-re-mi kwa umri huo? Watu watakucheka." Hao watu tukawa sisi. Tulicheka, Shangazi, mpaka wengine tukashika mbavu. Ulikikunja cheti, ukaingia jikoni, ukaanza kuosha vyombo vilivyokuwa safi. Tuliyasikia maji yakichuruzika muda mrefu. Hakuna aliyekufuata.

Baba ndiye aliyesema haya yaandikwe, na yasipunguzwe.

Unakumbukwa na kaka yako, ambaye siku hizi hasomi gazeti, wifi yako, sisi watoto wa kaka yako watano, na wanafunzi wako wote wa saa za mapumziko.

Hatutakusahau, Shangazi, wala hatuna haki ya kusahau.