Nyumba Isiyotoa Moshi

Mjukuu wangu Neema,

Amani ya Bwana ikufikie huko kwenye baridi. Hapa Nakivale tuko wazima. Mama yako bado anauza nyanya Kakoba, Mbarara.

Unauliza kama kupasha nyumba joto kwa mafuta ni vizuri. Vizuri sana! Nilipoolewa kule milimani Kivu, babu yako alileta jiko la mafuta ya taa. Joto lilienea, macho hayakuniwasha, kuni sikubeba tena. Siku ya tatu majirani wakaingia na unga na kuni. “Hatukuona moshi fasi yenu, tukasema batu balilala njaa.”

Washa mafuta yako, mama. Lakini hayatoi moshi wa kukusemea. Ukiwa na shida, gonga mlango wa jirani.

Koko wako