Nilisema Nimefunga, Jumuiya Ikaamini

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla ya Alhamisi, maana Alhamisi ndiyo siku ya jumuiya yetu ya sala na safari hii natakiwa niwafundishe wenzangu kufunga, mimi! Iko hivi, mwaka jana sukari ilinipanda, daktari akanikataza vitu vitamu, nami nikamwahidi Mungu kwamba mwili huu alionipa nitautunza, basi kila alfajiri natembea na jirani yangu Mwanahamisi hadi Shangani, yeye anavuta uradi wake, mimi nasali rozari yangu, na nakwambia sijawahi kusali vizuri hivyo, sukari imeshuka, nalala vizuri, nina furaha kwelikweli. Tatizo ni chai. Kwetu ukisali nyumbani kwa mtu halafu usiguse chai yake na vitumbua vyake, umemdharau, na mimi niliona haya kusema nina kisukari, nikasema nimefunga. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, wakaanza kuniita mama wa sala, wananiletea shida zao niwaombee, nikanyamaza maana sifa ni tamu jamani, na sasa Mama Agnes, mwanajumuiya mwenzangu ambaye naye anatumia dawa za sukari, ameamua kunifuata, hali kitu mpaka jioni, na Jumapili alipepesuka kwenye mstari wa komunyo tukamdaka. Nikisema ukweli, uso nitauweka wapi?

Elizabeti, Chikongola

JIBU

Elizabeti, hongera! Kutunza mwili ni ibada, na hizo safari za alfajiri usiziache. Lakini mama, mbona afya uliyopewa na Mungu unaificha kama umeiiba? Kisukari si dhambi. Uongo ndio dhambi, na wewe unajua, ndiyo maana umeniandikia.

Alhamisi simama useme yote. Omba sukari ya chai iwekwe pembeni, kila mtu ajitilie mwenyewe. Watacheka, wacheke. Wapo humo humo wanaomeza vitumbua kwa woga huo huo wako. Na ukitaka kufunga kweli, anza na sifa.

Ila hayo ni ya Alhamisi. Unauliza uso utauweka wapi, nami nakuuliza, Mama Agnes akianguka asiinuke, je? Jifunge kanga uende kwake sasa hivi. Mwambie, "Mama Agnes, nisamehe, sikuwa nimefunga, nilikuwa naikwepa sukari." Kisha mpeleke kwa daktari wake. Lakini kwanza mpakulie chakula, na usiondoke hapo mpaka umwone anakula.