Pembetano Mbele ya Ubao

Jumatatu, 4 Machi

Binti yangu mwalimu kaja na sura ya mtu aliyetafuna ndimu. Ijumaa mkaguzi atamkalia darasani. Somo likipwaya, hathibitishwi kazini! Somo lenyewe poligoni — eti umbo bapa lililofungwa kwa mistari iliyonyooka. Nikacheka mpaka nikakohoa. Mwanangu, hayo ndiyo maisha yangu! Miaka ishirini na sita natandika vigae, nimevuka mipaka mitatu na mwiko mkononi. Nipe hao watoto. Mama yake akadakia: mkaguzi mmoja anatosha, usijiongezee janga.

Jumanne, 5 Machi

Nimeingia darasani na shati la harusini. Wanafunzi hamsini na wawili. Nikamwaga vigae mezani: pembetatu, mraba, pembesita. Vinakumbatiana, hata sisimizi hapiti. Midomo wazi! Duara nikalitupa pembeni — halina upande ulionyooka, hilo si la ukoo wetu. Wakavunjika mbavu.

Kasichana kenye kalamu sikioni (nimekabatiza Mbishi) kakauliza: na pembetano je, fundi? Nikajibu hakuna umbo lenye pande sawa linalonishinda mimi. Nitawatandikia hapo mbele ya ubao, Ijumaa mkaguzi azikanyage mwenyewe. Makofi! Binti yangu akanikazia macho. Nikadhani ni fahari.

Jumatano, 6 Machi

Nimekata pembetano arobaini kwa grenda. Zimelingana mpaka raha. Nimebandika za kwanza tatu jioni, bila kupanga zote kwanza. Mimi hupanga kwa macho.

Alhamisi, 7 Machi

Balaa. Tatu zimekutana vizuri, ya nne haiingii! Limebaki pengo jembamba, kama kipande cha keki anachokatiwa mgeni asiyetakiwa. Nimezungusha, nimegeuza, nimetukana. Nikalaumu grenda. Nikalaumu sakafu.

Mbishi akapita. Shikamoo kwanza, halafu kisu: kachutama na kipimapembe chake, kila pembe nyuzi mia na nane. Tatu ni mia tatu ishirini na nne. Kuzunguka nukta zinatakiwa mia tatu sitini. Pengo lako halali kabisa, fundi. Nikamwambia vigae havijui kusoma.

Kuzing'oa haiwezekani, saruji imeshashika. Binti yangu akaja, akatazama. Hakunigombeza. Akachukua ufagio, akanisaidia kufagia vumbi. Bora angenigombeza.

Ijumaa, 8 Machi

Naandika nimekalia mfuko wa saruji, chini ya dirisha la darasa. Mkaguzi kaingia, kajikwaa kwenye pengo, kidogo aanguke! Kauliza hii kazi gani. Nywele zangu zote zimesimama, zile saba.

Binti yangu angeweza kusema kuna fundi mmoja mzembe alipita hapa. Hakusema. Namsikia: fundi ni baba yangu, yuko nje, ataingia awaeleze wanafunzi mwenyewe kwa nini ya nne imekataa.

Mimi! Niliyeacha shule kabla ya kufika hesabu za sehemu!

Uongo ninao wa aina tatu, wote mtamu. Saruji mbovu. Sakafu imeshuka. Huo wa tatu una mpaka machozi.

"Baba?" Anaita tena.

Mbishi kachungulia dirishani, ananipungia mkono. Nakuja, nakuja! — Wewe Mbishi, sogea hapa upesi, mjukuu wangu: zile zilizobaki, nyuzi thelathini na sita au thelathini na nane?