Maji ya Tatu

Karatu,
Jumamosi mchana, mwezi wa sita

Yeyo, mama yangu mpendwa,

Magome uliyotuma, dada Nanyori hajawahi kuyanywa. Yeye anadhani anayanywa. Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata Mungu namwambia kwa kuzungukazunguka. Nimeliandika la kwanza kwa sababu najijua, nikianza na salamu nitasalimia mpaka karatasi iishe.

Sasa naweza kukusalimu. Kama ningekuwa hapo mlangoni ningeinamisha kichwa uniwekee mkono, nami ningekaa hivyo hivyo mpaka uuondoe mwenyewe. Hujambo? Goti linakuacha ulale, au baridi ikizidi linakuamsha? Baba hajambo? Na yule ng'ombe mwekundu, ameshazaa, au anashindana na Nanyori kungoja siku ya kuzaa? Sisi huku ni wazima. Ukungu umeshuka Karatu yote, nguo zina siku ya tatu kwenye kamba na bado zinadondosha maji. Shule tumefunga, kwa hiyo niko na Nanyori kutwa nzima.

Nelson, kaka yangu, najua ni wewe unayemsomea Yeyo. Naomba usisome kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Kama shangazi yupo ndani, mwambie akaangalie ndama. Na usiruke mahali pa aibu, maana ukiruka barua hii haina kazi. Ningepiga simu, lakini huko mtandao uko kilimani, na kilimani mnasimama kumi. Siwezi kuyasema haya mbele ya watu kumi. Hata mbele ya mmoja sijui.

Yeyo, unakumbuka siku ile barabarani, tulipokuwa tunasubiri gari la Tobiko? Ulinishika mikono yote miwili ukasema goti lako halitakufikisha Karatu, kwa hiyo mikono yangu ndiyo itakuwa mikono yako. Ukaniagiza kwamba Nanyori aache maziwa, aache nyama ya mafuta, ale kidogo ili mtoto abaki mdogo na apite bila kumuumiza mama yake. Kila asubuhi anywe maji ya magome, atapike, tumbo liwe jepesi. Halafu ukanieleza habari za marehemu mdogo wako, ambaye jina lake siliandiki. Ukasema mtoto alikuwa mkubwa na barabara ilikuwa mbali, na siku mbili nzima mlimshika mgongo. Nilikuwa sijawahi kukuona ukilia. Kwa hiyo usifikiri nilichofanya nilikifanya kwa dharau ya watoto wa shule.

Tulipokwenda kliniki mara ya kwanza, nesi Goodness alimvuta Nanyori kope la chini akatazama. Akampima damu ya kidole. Akasema damu ni ndogo, na mtoto ni mdogo kuliko miezi yake, na mama akienda leba bila damu ndipo hatari ilipo. Akamwambia ale, na kila siku anywe uji wa karanga. Nanyori akaitikia ndiyo nesi, asante nesi, kwa heshima zote. Tulipofika nyumbani akala nusu kiazi, akasukuma sahani. Nikamkumbusha maneno ya nesi. Akanijibu taratibu kwamba nesi ni mtu mzuri, lakini si yeye aliyemzaa.

Mimi unanijua. Mgeni akija nyumbani najificha nyuma ya zizi. Darasani jibu nalijua kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na bado namwachia mwenzangu anyooshe mkono. Kubishana na dada yangu, huku wewe uko ndani ya maneno yake, sikuweza. Basi nilichoshindwa kwa mdomo nikakifanya kwa mikono.

Kila asubuhi nachemsha magome yako. Maji ya kwanza, yale makali, nayamwaga mferejini. Maji ya pili namwaga. Maji ya tatu yana rangi tu, nguvu hayana, nayo ndiyo ninayompelekea, nimetia na ganda la limau ili yamkunje uso. Anakunywa mpaka tone la mwisho. Hatapiki, na mwenyewe amejieleza kwamba mwili wake hauna tena cha kutoa. Halafu nampa uji. Maziwa sikuthubutu kutia, huwezi kumdanganya Nanyori kwa maziwa. Nilisaga karanga zikawa laini kama vumbi, nikamwambia ni dawa ya damu ya kliniki. Kwa sababu ni dawa, akaona si chakula. Akanywa kikombe, siku hizi anakunywa vikombe vitatu. Dawa yako nimeigeuza maji, Yeyo, na chakula nimekiita dawa.

Mwenye nyumba wetu, Mama Fabian, ana kabichi kando ya ule mfereji. Zimeanza kunyauka upande mmoja. Amezimwagia majivu, amewalaumu bata, Jumapili iliyopita akawataka wenzake wa jumuiya waziombee. Nami nilikuwepo, nikaitikia amina.

Nisikuandikie huzuni tu. Siku za Alhamisi nesi Goodness anawafundisha wajawazito namna ya kujiandaa, na anataka kila mmoja aje na mtu atakayemsindikiza leba. Nanyori alinichagua mimi. Nilikuwa msichana pekee kati ya wamama, nikakaa nyuma kabisa. Mwanamke mmoja akauliza kama kuna sindano ya kuondoa uchungu. Nesi akasema kwa uzazi wa kawaida hapa sindano hiyo hatuna. Akataja tulivyo navyo. Kuna kutembea, kuna kuchuchumaa, kuna kitambaa cha maji ya moto mgongoni, kuna pumzi, na kuna mkono wa mtu unayemwamini. Nilipomsimulia Mama Fabian, ambaye anafua mashuka kwenye loji moja ya huku, alisema kuna mgeni alimwambia kwao watu wanalipia masomo ya kuzaa bila dawa. Mama Fabian alicheka akakalia ndoo. Akasema yeye amehitimu mara sita, na vyeti vyake vyote vinakula ugali.

Kwa hiyo tunafanya mazoezi. Jioni tunapanda mpaka barabara ya lami na kurudi, na njiani nasema, umekuja, yaani uchungu. Hapo hapo Nanyori anasimama, anashika kilicho karibu, mti au ukuta au bega langu, anavuta pumzi kwa pua na kuitoa polepole kwa mdomo. Anahesabu kwa Kimaasai: nabo, are, uni, mpaka kumi. Mimi namsugua mgongo chini, mahali ulipomsugua mdogo wako. Siku ya kwanza tulipofanyia chumbani, Mama Fabian aligonga akauliza kama tumeingiza ndama, maana anasikia kitu kinahema. Nanyori akamjibu kwamba ni ndama wawili, mmoja bado hajatoka. Tulicheka mpaka akaniomba nimwache, tumbo linakaza.

Amekuwa jasiri, Yeyo, ungemwona. Yule aliyekuwa akilia kwa mwiba. Koinet akipiga simu kutoka Soitsambu, ni yeye anayemtuliza mume wake. Lakini ujasiri wake nimeutazama kwa karibu nikaona umesimama juu ya kitu kimoja. Anaamini mtoto ni mdogo. Kila mara kabla ya kuhesabu anajishika tumbo na kusema hivyo. Juzi tulipokuwa tunarudi kutoka kliniki alisema, "Beatrice, huyu atapita kama mwanambuzi. Angekuwa mkubwa, ningewaambia mapema wanipasue. Nisingejaribu hata kidogo."

Nilikuwa nimebeba kadi yake ya kliniki mkononi.

Samahani, nilisimama kidogo. Nilisikia hatua nikaifunika barua kwa mfuko wa unga. Kumbe ni Mama Fabian anakwenda kwenye kabichi zake. Barua hii nimeificha mara nne tangu asubuhi, ndiyo maana ina unga.

Sasa mahali pa aibu, Nelson. Soma polepole.

Siku hiyo kliniki nesi alimpima Nanyori kwa futi, kisha kwa mikono. Damu imepanda vizuri. Nesi alifurahi mno. Aliitwa chumba kingine kabla hajaeleza mengine, akaandika kwenye kadi kwa Kiingereza akatoka. Nanyori akanipa nimsomee. Imeandikwa kwamba mtoto amekua vizuri, kwa makadirio kilo tatu na robo, kichwa kimetangulia chini, na njia ya mama inatosha. Yeyo, nilimsomea kichwa, nikamsomea njia. Kilo sikuzisoma. Aliniuliza, na ukubwa je? Nikamtazama dada yangu usoni nikamwambia hawajaandika.

Yale ya magome nilikuwa najitetea nayo, nikijiambia namlisha. Lakini hili la kadi nilimficha yeye ili nisiulizwe mimi. Na Alhamisi hii nesi alisema neno ambalo limekaa kifuani mpaka leo. Aliwageukia wasindikizaji akasema, "Msiwadanganye. Usimwambie bado kidogo kama si kidogo. Akigundua katikati ya uchungu kwamba ulimdanganya, mkono wako hautamsaidia tena, na sisi hapa dawa yetu ndiyo huo mkono." Wamama wakaitikia. Mimi nilitazama mikono yangu. Ni hii hii uliyosema ni yako.

Fikiria yuko leba, mtoto anashuka, naye anahisi mwenyewe kwamba huyu si mwanambuzi. Atanigeukia aniulize. Nitamwambia nini? Nikikubali hapo, mkono wangu umekufa. Nikikataa, nimemwacha peke yake na uchungu wake. Na nikimwambia leo, pengine ataogopa na kwenda kuomba kisu ambacho nesi amesema hakihitajiki. Nimelizungusha hivi na hivi kwa siku tatu.

Nilichokusudia, Yeyo, ni kukuomba wewe umwambie. Nilitaka uchukue simu ya Nelson, upande kilimani hata kwa kubebwa, umwambie Nanyori kwamba mtoto ni mkubwa kiasi na hilo si baya, kwamba barabara ya huku si ile ya mdogo wako, hospitali iko dakika ishirini kwa miguu na nesi ameshampima. Akilisikia kutoka kwako hataogopa. Nami nilitaka nibaki nyuma ya zizi, kama siku zote. Ndiyo maana nimeandika. Gari la Tobiko linapanda huko kesho, na nilihesabu bado tuna siku tisa kabla Nanyori hajajifungua.

Nisamehe. Kama huwezi kunisamehe kwa magome, nisamehe kwa karanga, ni zile zile ulizonifundisha kuzisaga. Sikukuona mjinga hata siku moja. Wewe ulimnyima chakula kwa kumpenda, mimi nikamlisha kwa kumpenda, na kati yetu ni yeye tu ambaye hakuna aliyemuuliza. Msalimie Baba, umwambie viatu vya shule bado vinafaa. Msalimie shangazi, naamini ameshawaona ndama. Nelson asante, na usimtanie mtu kwa barua hii. Koinet akija hapo mpeni maziwa, anakonda kwa wasiwasi utafikiri ndiye anayezaa. Mama Fabian anakusalimu, anasema kabichi zikipona atakuletea. Mungu wetu Engai akushike goti, akushike na moyo. Ninainamisha kichwa hapa hapa juu ya meza, na nitasubiri mkono wako hata kama utachelewa.

Nasikia hatua tena. Si za Mama Fabian, zile nazijua, zinaburuza ndala. Hizi zinatoka upande wa bomba. Zimefika kwenye kamba ya nguo.

Zimesimama.

Ni Nanyori. Namsikia anavuta pumzi kwa pua. Nabo, are, uni. Hatuna mazoezi saa hii, Yeyo. Mazoezi ni jioni, na mimi ndiye ninayesema umekuja. Leo hakuna aliyesema.

Amemaliza kumi. Anatembea. Anakuja mlangoni. Mfuko wa unga uko hapa karibu na mkono wangu, na sitauchukua. Barua nimeiacha wazi, kadi yake nimeiweka juu yake, nimeifungua kwenye ule ukurasa. Kabla hatujachukua khanga na beseni, nitamsomea kilo zote, kwa mdomo wangu, kisha nitamwambia kuhusu magome, kisha nitampa mkono achague mwenyewe kuushika.

Mlango unafunguliwa.

Ni mimi, mikono yako ya Karatu,
Beatrice