Simu Juu ya Beleshi

Dada yangu Zaina,

Shikamoo dada. Mama anakula? Anatoka nje kuota jua au bado amejifungia? Ule mguu wako uliokuwa ukivimba umepoa? Mimi mwili ni mzima, kwa mengine usiniulize. Nimeamua kuandika, kwa kuwa simu ya nyumbani husikilizwa na ukoo mzima, na haya nataka uyasome peke yako. Barua anakuletea kijana wa Korogwe anayerudi likizo.

Uliniuliza nafanya kazi gani sasa. Ghalani nimeshatoka, mgongo ulikataa. Niko kwenye karakana ya chuo kimoja huku Ulaya, nafagia na kubeba masanduku. Wanafunzi wa hapa wanatengeneza setilaiti, ila usifikirie dude kubwa. Inalingana na lile boksi la majani ya chai analowekea Mama sindano zake. Itarushwa juu, na huko juu lazima ijue imeelekea wapi, vinginevyo itapiga picha za giza badala ya dunia. Hawana fedha za vifaa vya maana, kwa hiyo wameiwekea vidude vya bei rahisi vya kuhisi mwendo, ndivyo hivyohivyo vilivyomo kwenye simu zetu. Kimoja kinahisi ikigeuka. Hicho husahau, dada. Ukiiacha igeuke muda mrefu, kinapotoka kidogo kidogo na chenyewe hakijui. Kingine ni kama dira, kinatafuta kaskazini. Wanaiwekea pia jicho la kutazama jua, ili jua livisahihishe vyote viwili.

Mimi ndiye naigeuza kwa mkono kwenye fremu ya mbao, polepole, huku wao wanatazama kompyuta. Siku moja niliingia na viatu vya kazi, vile vyenye chuma mbele. Hesabu zote zikaenda upande. Walihangaika sana, mpaka msichana mmoja, Ilona, akainama chini ya meza akacheka: "Rajabu, kaskazini imehamia kwenye kiatu chako!" Tangu hapo naingia na ndala, na mkanda nauacha mlangoni.

Sasa nikwambie kilichonileta.

Asubuhi ile ya kumzika Baba, mdogo wetu Saidi alinipigia kwa picha. Ninyi wanawake mlikuwa ndani na Mama, hamkuyaona haya. Niliwaona wanaume wamesimama pale juu, ng'ambo ya kahawa, mahali alipopataka mwenyewe. Ukungu ulikuwa mzito, hata mgomba wa jirani hauonekani. Jua hakuna. Pale hakuna kaburi lingine la kufuatisha, na mvua ilikuwa inanukia. Wakabishana kibla kiko wapi. Mmoja anasema huku, mwingine anasema wewe umelala, ni kule.

Mjomba Kilua akasema, "Si mna simu? Tazameni dira ya kwenye simu."

Saidi akataka kuiweka chini. Mjomba akamkemea, "Tope hilo, we! Iweke juu ya beleshi."

Akaiweka juu ya beleshi, dada. Juu ya chuma kitupu, na mtaimbo umelala pembeni. Mimi nikabaki naangalia ukungu. Nikapiga kelele, "Saidi, itoe kwenye chuma! Itoe!" Nasikia Mjomba anasema, "Haya, chimbeni hivi. Simu ya Ulaya haidanganyi." Nikapiga kelele tena. Saidi akainama juu ya simu, uso wake wote umelowa, akaniambia, "Kaka, jikaze. Usilie hivyo, utatuliza na sisi."

Walidhani nalia.

Kisha mtandao ukakatika. Nilipowapata, Baba alikuwa ameshafukiwa na watu wanakula.

Mimi ndiye mwanawe mkubwa wa kiume. Mimi ndiye nilipaswa kuingia kaburini nimpokee. Aliingia Saidi, na alifanya vyema kwa mikono yake, simlaumu, usimgombeze. Ila sijui Baba, Tate wetu, ameangalia wapi. Huenda chuma kiliivuta simu kidogo tu. Huenda kiliivuta sana.

Nakuomba uende kaburini alfajiri moja isiyo na ukungu, kama vile unakwenda kupalilia kahawa. Kwetu kibla ni kaskazini. Jua likichomoza liwe mkono wako wa kulia, hapo mbele yako ndiko kibla. Kaburi linatakiwa lilale kufuata jua, kichwa cha Baba kiwe kule jua linakotokea. Jua halivutwi na beleshi. Ukikuta limepinda, nenda kimya kimya kwa shehe, yeye ndiye anayejua la kufanya. Mama asisikie kwanza.

Niliporudi kazini Ilona aliniambia nipumzike. Nikakataa. Wao walipokwenda kula, nilivua ndala, nikaitoa ile setilaiti kwenye fremu, nikaishika kwa mikono miwili. Nikaigeuza mpaka kompyuta ikasema kaskazini. Nikailaza mezani kwa ubavu wa kulia, taratibu, nikaiwekea kitambaa. Hivyo ndivyo ningemlaza.

Mwamkie Mama, mwambie nakula. Nisalimie Saidi, na shemeji, na Shangazi anayelala na Mama siku hizi, na wale wachuma chai wenzake Baba kule Mponde waliombeba mlima wote ule. Mjomba Kilua naye msalimie, kwa wema tu.

Ukishatazama, nipigie hata kama watu wamejaa sebuleni. Kama yuko sawa, sema kahawa ya Baba imestawi. Kama hayuko sawa, usitaje kahawa. Niulize tu nakuja lini.

Ni mimi mdogo wako,
Rajabu