Uji Uliouomba

Mwaitu, mama yangu,

Hii ni wiki ya saba tangu tulipokuzika na bado sijalia. Kanisani watu wananitazama usoni kama wanaotafuta kitu. Nakula, nalala, naenda kazini mjini, nachapa barua za wakubwa, narudi nyumbani Loresho. Kitanda chako tumempa kaka Mutuku. Lango hatulitii kufuli tena mchana, kwa sababu hakuna wa kutoka kutafuta njia ya kurudi kwako Kitui.

Nataka kukuambia jambo moja, basi.

Ulipohamia kwangu ulikuja na kibuyu chako cha uji. Hukuwa ukikiosha sawasawa. Ulikisuuza kidogo tu, ukaacha uji wa jana chini ili uchachushe wa leo. Mimi na usafi wangu wa Nairobi nikakimwagia maji ya moto, nikatia dawa ya kuua viini, nikakianika juani. Ulikinusa, ukakiweka mezani. "Umekiua," ulisema. Nilicheka. Nikakununulia mkate mweupe na juisi ya pakiti.

Halafu zile dawa. Ukikohoa, nakimbilia duka la dawa mjini, nanunua vidonge vya rangi mbili bila kumwona daktari. Tumbo likichafuka, vidonge. Ukipata nafuu siku ya pili, vilivyobaki naviweka kwenye droo vingoje ugonjwa mwingine. Nilijiona binti mwema. Kusema kweli, nilijisifu hata kwa majirani.

Baadaye ukaanza kusahau. Kwanza sufuria motoni, kisha jina la Mutuku, kisha mimi. Kwa kuwa nina jina la mama yako, na watu husema sura pia ni yake, uliamua kwamba mimi ndiye yeye. Ulinifuata jikoni ukinivuta sketi. "Mwaitu, nipe uji ule mkali." Kila asubuhi. Na kila asubuhi nilikujibu kwamba uji ule ni uchafu, utakuharibu tumbo, kunywa chai.

Juzi nilikuwa napiga pasi, redio imewashwa. Mtu mmoja akasema bakteria wa tumboni wana mawasiliano na ubongo. Akasema vyakula vilivyochacha huenda vikawasaidia wale wazuri, na kwamba vidonge vya kuua bakteria huwafagia wazuri pamoja na wabaya. Nilizima pasi, nikakaa kitini. Sikuhisi chochote. Niliwaza tu, kumbe.

Kesho yake nilipanda Upper Hill kwa daktari aliyekuwa akikutibu. Nilimweleza yote, kibuyu na vidonge, kama mtu anayeandikisha taarifa polisi. Alisema ni kweli watafiti wanaona tofauti katika matumbo ya wenye ugonjwa wako. Lakini hawajajua ni tumbo linaloanza kuharibika au ni ubongo, wala kama uji ungebadilisha chochote kwako.

"Hiyo swali yako haina jibu saa hii, madam," aliniambia. "Usijibebeshe hiyo mzigo."

Nilishuka kwa miguu hadi mjini nikingoja kusikia nafuu. Haikuja. Nilifika mtaa wa ofisi yetu, nikasimama tu, watu wakinipita huku na huku. Hapo ndipo nilipoelewa. Hata kama si mimi niliyekuharibu akili, ulikuwa mtoto, Mwaitu. Ulikuwa mtoto mwenye hamu ya kitu kimoja tu. Ukamwomba mama yako, na mama yako akakunyima. Hilo halihitaji mtafiti.

Nisamehe. Sijui nikuombe vipi, najua tu kwamba nakuomba.

Sasa lala, mama. Nakuahidi kwamba sitajiita muuaji, kwa maana sijui. Lakini kila Jumapili watu wa kanisani wanakuja kunishika mkono na kuniambia nilikutunza vizuri, nami huitikia kwa kichwa. Jumapili hii sitaitikia. Nitawaambia uliomba uji, nikakunyima.

Mwanao,
Mwikali