Nimempikia Mama, Sifa Zikaenda kwa Mke Wangu

Mpendwa Bi Mwanabibi,

Naomba unijibu kabla ya Jumamosi, na tafadhali usitaje jina langu halisi, niite tu Wamae, kwa sababu Nyeri ni mji mdogo na wengine wetu tuko na heshima ya kulinda. Mimi ni mwanamume mwenye mke na duka la mbegu na dawa za mifugo hapa Ruring'u, nyumba yangu iko nyuma ya duka, na mke wangu Wakonyo anauza mitumba Chaka, huko kwenye upepo, na hurudi jioni ameganda mpaka hawezi kushika kikombe. Mwaka jana dada yake aliye ng'ambo alitutumia sufuria ya stima, ile unayoijaza chakula asubuhi, unaifunika, na inapika polepole siku nzima bila mtu kuisimamia, na kwa kuwa mimi ndiye ninayeshinda nyumbani nikaanza kuijaribu kwa siri, wateja wakipungua naingia nyuma, nakata viazi, karoti na kabeji, nakaanga soseji za ng'ombe kidogo zishike rangi, naziweka juu, kisha nafunga mlango wa jikoni na kurudi dukani kuuza dawa ya kupe kama mtu asiyejua lolote.

Bi Mwanabibi, chakula hicho ni kitamu. Inabidi niseme mwenyewe kwa sababu hakuna mwingine anayeruhusiwa kusema hivyo.

Nimelelewa Othaya katika nyumba ambayo mwanamume huchoma nyama nje na kutengeneza mutura, ule utumbo wa mbuzi uliojazwa nyama na damu, na hapo hakuna anayeniweza, hata kwenye ruracio, sherehe ya kupeleka mahari, huwa naitwa mimi, lakini sufuria ni ya wanawake na mwanamume akionekana akimenya karoti watu huuliza kama mke amemtoroka. Mama yangu naye hakuwahi kumpenda Wakonyo, alikuwa akimwita "huyo wa Chaka", akisema mwanamke wa sokoni atanilisha mkate na soda mpaka nife. Basi siku moja akaja bila kupiga simu, akaingia jikoni moja kwa moja, akafunua sufuria, akauliza kwanza kwa nini viazi havijapondwa, maana kwetu mgeni hupewa viazi vilivyopondwa na mboga, ukimpa vizima ni kama unamharakisha aondoke. Kisha akaonja mchuzi, akaketi.

"Wamae, chumvi unaweka wapi?" akaniuliza. Nikamletea.

"Na ni nani amepika?"

Mdomo ukanitangulia. "Ni Wakonyo, mami. Alipika kabla aende kazi."

Wakonyo aliporudi jioni alimkuta mama kwenye sahani ya pili. Mama akamwambia, "Nimeambiwa ni wewe umepika." Mke wangu akaniangalia, akaangalia sufuria, akasema, "Ndio, mami. Pole, sikuponda." Mama akaushika ule mkono wake wa baridi, hakuuachilia, akamwambia, "Sasa nimejua wewe ni mtu wa hii nyumba." Akamwita mwari, yaani binti, mara ya kwanza tangu tuoane. Wakonyo akaenda jikoni kulia akisingizia vitunguu, na vitunguu vyenyewe nilivikata mimi asubuhi.

Mimi nilikaa pale kama mgeni. Nilikuwa hata na plasta kwenye kidole nilipojikata na kisu, mama akaniuliza ni nini, nikasema ni mlango wa duka. Alipokuwa akiondoka alinikabidhi mimi, wala si Wakonyo, mfuko wa viazi aliokuja nao, akaniambia, "Hizi waru zinaiva mbio. Zikate kubwa kubwa." Nadhani uzee umeanza kumchanganya.

Sasa balaa ni hii: mama anakuja Jumamosi na dada zake wawili kutoka Murang'a, wanataka kusimama jikoni wamwone Wakonyo akipika hicho chakula kuanzia mwanzo. Jumapili iliyopita Wakonyo alijaribu, akaweka kabeji chini, akajaza maji mpaka ukingoni, akasahau kuwasha swichi ya ukutani, na jioni tukakuta soseji zinaelea mbichi kama zilivyolala. Yeye anasema tuseme ukweli. Nimekataa. Juzi akaniambia, "Hao wakinicheka sijali. Lakini mami akirudi kuniita huyo wa Chaka, mimi sitaweza tena." Na mimi nimefikiria kuzima stima kwenye mita nisingizie imepotea mtaa mzima. Nifanyeje ili mama aendelee kumpenda mke wangu, hao dada zake wa Murang'a wasijue chochote, na, kama inawezekana, nami nisifiwe kidogo?

Wako mwenye mawazo,
Wamae, Ruring'u


Bi Mwanabibi anajibu:

Wamae, barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na njaa, kwa hivyo usishangae nikiwa mkali.

Kwanza nikupe pole. Kupika chakula kikaliwa mpaka sahani ya pili, halafu ukae kimya, ni mateso. Wanawake wa Majengo ninakoishi wanayajua vizuri, wameyavumilia maisha yao yote, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniandikia barua. Wewe umeonja mara moja tu na tayari unataka kuzimia watu stima.

Pili, hebu tuzungumze kuhusu hiyo heshima unayoilinda. Utumbo uliojazwa nyama ukiuchoma nje, unaitwa kwenye ruracio. Utumbo uliojazwa nyama ukiupika ndani, unafunga mlango. Mimi mutura wenu siuli, una damu, lakini nikiutazama na kuitazama soseji naona ndugu wawili waliozaliwa nyumba moja. Kilichobadilika ni kwamba mmoja unamlea hadharani na mwingine unamkana.

Sasa tuje kwa mama yako, ambaye unasema uzee umemchanganya. Wamae, aliyechanganyikiwa katika barua hii ni mmoja tu na si yeye. Mwanamke aliingia nyumbani kwa mwanawe na alipotaka chumvi alikuuliza wewe unaiweka wapi. Akaona plasta kwenye kidole chako. Akakukabidhi wewe viazi, akakuelekeza wewe namna ya kuvikata. Umeyaandika yote haya kwa mkono wako mwenyewe na hukuyaona. Mama yako alijua aliyepika kabla hajamaliza sahani ya kwanza.

Utaniuliza, kama alijua, kwa nini alimsifu Wakonyo? Rudia maneno yake. Hakusema chakula ni kitamu, hakutaja soseji wala kabeji. Alisema, "Sasa nimejua wewe ni mtu wa hii nyumba." Alisema hivyo baada ya kumwona mwanamke aliyetoka kwenye baridi akikuta uongo wa mumewe umemngoja mezani, naye akaubeba bila kuuliza ili usiaibike, hata kosa la kutoponda viazi akaomba msamaha yeye. Wewe ulikaa ukidhani mkeo amekuibia sifa. Sifa alizopewa ni zake, alizipata kwa kukufunika wewe, na mama yako hatamnyang'anya Jumamosi kwa sababu ya kabeji.

Kwa hivyo stima uiache. Leo, si kesho, mpigie mama simu na umwambie, "Mami, ni mimi nilipika." Atakuuliza kama vile viazi vimebaki. Mkeo umweleze nilivyokueleza, na umwombe radhi, maana umemwacha wiki nzima akiogopa kupoteza kitu ambacho hakuna anayetaka kumnyang'anya.

Jumamosi, pika mbele yao na mlango ukiwa wazi. Viazi na karoti chini, penye joto, soseji ulizozikaanga juu yake, nyanya na vitunguu, maji kidogo tu kwa sababu mboga zina maji yake, na kabeji mwishoni isije ikalainika kupita kiasi. Kisha funika. Dada za mama yako watataka kufunua kila wakipita, kuchungulia, kukoroga, na mmoja bila shaka atauliza mwiko wa kupondea uko wapi. Kataa kwa adabu. Kila kifuniko kinapofunuliwa joto linatoka na mtakula usiku. Wakikucheka, wacheke, cheko halijawahi kumzuia mtu kuomba kuongezwa.

Na Wakonyo akae. Asikate kitu, asioshe kitu, apewe kiti karibu na mama yako. Ukipakua, sahani ya kwanza usimpe mama wala wageni wa Murang'a. Mpe mkeo, mbele yao wote, na viazi vyake umpondee kwa mkono wako.